Kubana Ngozi, Kupima Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Lishe wa Mkoa alinibana ngozi ya nyuma ya mkono kabla hata hajanionyesha meza yangu. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya upole na mikono mikavu. Aliivuta ngozi kwa vidole viwili, akaishika kwa kalipa, kifaa kama koleo chenye saa ndogo ya kuonyesha unene.

"Mizani haijui kitu, binti," aliniambia. "Inajumlisha mfupa, misuli, maji na mafuta, halafu inakupa jibu moja. Sisi kazi yetu ni kutenganisha."

Tulibana nyuma ya mkono, chini ya bega na juu ya nyonga, kisha tukaingiza vipimo kwenye kanuni inayozingatia umri na jinsia, tukapata asilimia ya mafuta mwilini. Ilinichukua muda kujifunza kubana mafuta bila kushika na msuli. Nikikosea, aliniambia, "Rudia," wala hakunikaripia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijijini Haneti. Kule kalipa ilikaa sana kabatini, maana tulitafuta waliopungukiwa lishe. Bibi mmoja aliniona nikiitoa, akacheka hadi akakohoa. "Mafuta gani unayatafuta huku mwezi wa pili, mwanangu? Subiri tuvune kwanza." Nikairudisha, nikachukua utepe wa kupimia mikono ya watoto.

Miaka ikapita, nikahamishiwa kituo cha afya mjini Dodoma. Serikali ilikuwa inahamia, ofisi zikawa zinajaa, na watu wa ofisini wakaanza kuja wenyewe kuuliza habari za vitambi vyao. Tulipata mashine mpya: unapanda miguu mitupu, unashika vipini, umeme mdogo usiouhisi unapita mwilini. Unapita kwa urahisi kwenye maji na misuli, lakini mafuta yanauzuia, na kwa hiyo mashine inakadiria mafuta ni kiasi gani. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, aliipenda sana.

Ndipo akaja Elia, dereva wa ofisi moja ya serikali, mkazi wa Ihumwa. Aliongozana na mkewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Nimekuja unipime mafuta. Miezi yote hii nakula mara moja kwa siku, nakimbia kila asubuhi, na hili tumbo linazidi tu."

Mkewe akadakia, "Anajitahidi kweli, mama. Hata nyama ameacha."

Alipanda kwenye mashine. Ikasema mafuta yake ni machache, kama ya kijana mwanariadha. Mganga Mfawidhi alichungulia, akatazama lile tumbo, akasema, "Izime, uiwashe tena." Niliwasha. Jibu likawa lilelile.

Nikachukua kalipa. Nyuma ya mkono ngozi ilikuwa nyembamba kama kitambaa. Chini ya bega, mbavu zilihesabika. Tumboni sikuweza hata kubana, ngozi ilikuwa imevutwa ikang'aa. Nikambonyeza kwenye muundi wa mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki pale, halijai.

"Daktari," nilimwita Mganga Mfawidhi, "nadhani haya ni maji."

Akamlaza Elia kitandani, akamgonga tumbo kwa vidole akisikiliza, akamgeuza ubavu, akagonga tena. Alipoinuka, hakuitazama tena mashine. "Ni maji kweli. Umeme umeyapita kirahisi, ndiyo maana ikasema hana mafuta. Tunakupeleka hospitali leo, bwana Elia. Nina wasiwasi na ini lako."

Elia alikasirika. "Mimi nimekuja kupunguza kitambi, nyie mnataka kunilaza?"

Mkewe ndiye aliyeamua. Alimvalisha shati, akimfunga vifungo kimoja kimoja. "Twende, baba Neema."

Nilikwenda kumwona wodini. Maji yalikuwa yametolewa, akabaki mwembamba hadi nikashtuka. Ini lilikuwa limeugua muda mrefu bila yeye kujua. Mkewe alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa analala njaa, mama, nami nikimsifu." Nilimshika mkono tu.

Elia aliishi. Aliacha safari ndefu, akawa anakunywa dawa na kula bila chumvi, na polepole misuli ikarudi mabegani.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Hombolo. Vijana huniuliza kipimo kipi ni bora. Nawaambia kuna kalipa, kuna futi ya kiunoni, kuna mashine za umeme, kuna za mionzi kwenye hospitali kubwa, na vyote hukadiria. Kila kimoja kinaona upande wake wa mwili, ambao kingine hakiuoni.

Juzi binti wa jirani, mwanafunzi wa chuo, alikuja akilia. Saa yake ya mkononi ilimwambia mafuta yake yamezidi. Alininyooshea mkono nisome.

"Umekula lini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Jana asubuhi, bibi."

Niliinuka nikaenda kubandika sufuria.