Msumari Mtupu

Kila anayepanda mlima ule wa kaskazini hupitia kibandani kwa Mama Vikombe. Jina hilo alipewa na wapandaji kwa ajili ya utaratibu wake. Ukienda juu, unatundika kikombe chako cha bati kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukirudi, unakitoa mwenyewe na kunywea chai. Msumari mtupu maana yake mtu yuko chini salama. Tangu Mama Vikombe afiwe na mume, hajawahi kulala kabla ya kuitazama misumari hiyo.

Alasiri moja ukungu ulishuka, ukaimeza misonobari, kisha ua, kisha choo cha nje. Mama Vikombe aliingia na kuni, akatazama mlangoni. Mitupu yote. Akashusha pumzi, akainama kuvua viatu.

"Leo pumzika, shemeji," akasema mdogo wa marehemu, aliyekuja kumjulia hali. "Vyombo nimemaliza kuosha. Hata kile kikombe chekundu ulichokisahau mlangoni, kina vumbi utadhani hapa hakuna mwanamke."

Mama Vikombe akazifunga tena kamba za kiatu.

Kikombe chekundu kilikuwa cha seremala, aliyepanda peke yake asubuhi kwenda kuliona ziwa la barafu. Njia ya kurudi inapita ukingoni mwa korongo.

"Shemeji, mimi sikujua..."

"Najua. Shika nyundo."

Nje ilining'inia rimu kuukuu ya gari. "Gonga, nyamaza, sikiliza. Ukichoka, gonga."

"Si bora nikamtafute?"

"Ili nitundike vikombe viwili?"

Shemeji yake akagonga. Baridi ilimng'ata vidole, na kila aliponyamaza hakukuwa na jibu. Mama Vikombe alisimama mwisho wa ua, kitambaa cha kichwa amekivua ili masikio yasikie.

Kisha filimbi, nyembamba, kutoka upande wa korongo.

"Usiache," akasema taratibu. "Anaifuata sauti yako."

Mikono ya shemeji ilikufa ganzi, akagonga kwa mabega. Filimbi ikapotea. Ikarudi, safari hii upande wa misonobari.

Seremala alitokea akitambaa, suruali imechanika magotini.

"Nilishakaa chini," alisema. "Nikajiambia, hawa wamefunga mlango, wamelala."

Aliingia, akapeleka mkono nyuma ya mlango, akapapasa msumari mtupu.

Shemeji alikitoa kikombe chekundu kwenye beseni, akakifuta kwa shati lake, akakitundika. Kisha akasogea pembeni, ili mwenyewe akitoe.