Nusu ya Uso wa Mume Wangu

Asubuhi moja, nikiwa nakata kitambaa cha mteja, nilijaribu kuikumbuka sura ya marehemu mume wangu nikashindwa. Sauti yake nilikuwa nayo, na mwendo wake, hata alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia ndani. Uso haukuja. Niliweka mkasi mezani nikahangaika kuutafuta uso huo mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Figo ndizo zilizomwondoa, binti yetu akiwa bado ananyonya. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu yangu, na simu hiyo ilichopolewa mkobani pale stendi ya Korogwe, nikirudi Handeni kutoka kwenye arobaini yake. Sikuwa nimezihifadhi popote pengine. Sasa binti amejua kusema, na alikuwa ameniuliza baba yake anafananaje. Nikamwambia alikuwa mrefu. Akanitazama, akingoja niendelee.

Picha moja tu ndiyo tuliyowahi kuisafisha studio, ya siku ya harusi, tukampa mama mkwe huko Magoma. Nikafunga kibanda cha cherehani nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla?"

"Nimefuata ile picha ya harusi."

"Maji yaliingia ndani masika iliyopita," akasema. "Nilishindwa kukuambia."

Akaitoa chini ya godoro, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Pichani mimi nilikuwa mzima, nimejaa tele na maua yangu. Mume wangu alikuwa amebaki jicho moja, unyusi mmoja na nusu ya masharubu. Upande wake wa kushoto wote ulikuwa doa la kahawia, na nilipougusa ukabanduka kidogo zaidi. Nikaurudisha mkono haraka.

Niliipiga picha kwa simu niliyonunua baada ya ile kuibiwa, mlangoni penye mwanga. Nilikuwa nimesikia kuna programu ya simu inayotengeneza picha zilizoharibika, nikaipakua, nikaiwekea picha ile, nikangoja huku mtandao ukisuasua. Akatokea mwanamume mzuri sana, mweupe kuliko sisi sote, ngozi laini kama ya sanamu la duka la nguo.

"Huyu ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Ni yeye, mama. Simu imejaribu kummalizia."

"Simu ilimjulia wapi?"

Nikarudia, na kila nilipobonyeza alikuja mwanamume mwingine. Mmoja alikuwa anacheka. Huyo nilimfuta nikilia kwa hasira, maana nilihisi kama nakaribisha wageni kitandani kwangu.

Ndipo nikafungua programu ninayochorea mishono ya wateja. Unaweka picha chini, unatandika juu yake tabaka lisiloonekana, kama karatasi ya kunakilia, kisha unapaka rangi kwa kidole. Upande uliosalia ulikwenda vizuri. Nilipata mpaka weusi wa shavu lake, ule wa mtu wa juani. Kisha nikafika kwenye doa. Nikachukua upande wa kulia nikaugeuza, nikauunganisha. Akawa kinyago. Uso wake haukuwa sawa pande zote, kope moja lilikuwa zito, hilo nilikuwa na hakika nalo. Lakini lilikuwa zito kiasi gani? Nilimlalia mtu yule kifuani miaka yote ile, na kope lake silijui.

"Mama, kope lake la kushoto lilikuwaje?"

"Kama langu. Kwetu wote tuko hivyo."

"Naomba ukae hapa mlangoni nikutazame."

Siku ya msiba alikuwa amesema mbele za watu kwamba nilichelewa kumpeleka mwanawe hospitali. Tangu hapo tulisalimiana kila mmoja akiangalia pembeni. Sasa akavuta kigoda akakaa, akainua uso, na ikanibidi nimtazame bila kukwepa: kope, mfupa wa shavu, ule mkunjo ulioshuka mpaka kwenye mdomo. Vyote vilikuwa pale. Nikawa napaka na kufuta.

"Unanichora mimi au mwanangu?"

"Ninyi wawili."

Machozi yakamjaa, hakuyapangusa wala hakuinamisha kichwa. Nikayachora na hayo, ung'avu mdogo chini ya jicho. Nilikusudia kuuondoa baadaye.

Nilipompa simu aliishika kwa mikono miwili. "Ndiye," akasema. "Siku alizokuwa amechoka." Akaniomba nimwachie ung'avu ule.

Tuliisafisha picha hiyo Korogwe, nakala yake na yangu, na ile ya kwenye simu nikamwahidi nitaendelea kuirekebisha. Binti yangu aliipokea akasema, "Baba," kwa wepesi, kama ambavyo angesema kwa yeyote ambaye ningemwonyesha. Jambo hilo lilinikata maini.

Juzi mama mkwe alipiga simu akauliza kama ile ya kwenye simu nimekwisha kuimaliza, nikamwambia bado. Ukweli ni kwamba naifungua nikiwa peke yangu kibandani, napaka kidogo shavuni, kisha nafuta, maana ninayemwona kichwani siku hizi ni huyu niliyemchora, na sina tena mwingine wa kumlinganisha naye.