Hesabu za Wani Kwenye Vumbi

Juzi mwanangu mdogo alipasua betri ya tochi kwa jiwe, hapa uani kwangu New Site, mtaa wa Juba, nami nikabaki nimesimama na funguo za gari mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Harufu ile ya chuma na masizi, kwangu mimi, ndiyo harufu ya shule. Kule makambini, kaskazini mwa Uganda, tulikokimbilia vita vilipotufukuza kwetu, kila mtoto alitakiwa kuleta betri ya redio iliyokufa. Tulitoa unga mweusi wa ndani, tukauponda pamoja na majani ya muhogo, tukapaka ubao wa mbao hadi vidole vikawa kama vya mafundi magari. Chaki ilikuwa muhogo wenyewe, uliokaushwa juani. Ukishikwa na njaa unaitafuna. Nilikula chaki nyingi kuliko nilivyoandika, na sioni aibu kusema, maana leo nakula ninachotaka.

Ukifika Nesitu, kwenye barabara ya Uganda, ukauliza malori ya Pitia, hata mbuzi watakuonyesha. Nina malori, nina nyumba ya matofali yenye ghorofa, na saruji iliyojenga nusu ya mtaa huu imepita mkononi mwangu. Shule sikumaliza. Kiswahili hiki chenyewe nilikiokota barabarani kwa madereva. Harusini wakinipa maikrofoni husema, “Mimi nimejijenga mwenyewe, sikushikwa mkono na mtu!” Watu hupiga makofi. Kaka yangu Wani huwa amekaa viti vya nyuma, naye hupiga makofi. Hayo ya kwake ndiyo yanayoninyima usingizi.

Wani alinitangulia kuzaliwa, lakini vita vilituweka darasa moja. Mwalimu wetu, Taban, alifundisha kila kitu peke yake: hesabu, mambo ya serikali, maarifa ya jamii. Alikuwa mwembamba, mwenye shati moja jeupe lililofuliwa hadi likaanza kuonyesha mbavu. Akiandika swali ubaoni, sisi wengine tulitazama ubao na Wani alitazama juu kwenye nyasi za paa, halafu anasema jibu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nyumbani tulilala mkeka mmoja, na hesabu zangu alinifanyia yeye. Kanisa lilikuwa na nafasi moja ya kumsomesha mtoto sekondari mjini, na kambi nzima ilijua ni ya nani. Mama alikwisha kuanza kumtafutia viatu.

Msimu ule wa kiangazi, mwalimu alitaka tujue pembe. Alikata nusu duara kwenye boksi la sabuni, akaifunga kwenye tete, akaning'iniza jiwe dogo kwa uzi. Unachungulia ndani ya tete hadi uone ncha ya tangi la maji, mwenzako anasoma uzi umeangukia wapi, mwingine anaandika, mwingine anakimbia kupima umbali kwa hatua. Kisha hesabu inakuambia urefu wa tangi bila mtu kulipanda. Tulifurahi kama watoto waliopewa sukari. “Rudi nyuma! Hatua ishirini na tano! Bado! Thelathini! Hapo hapo!” Akina mama waliokuwa wanateka maji wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Jerikeni ya mama yangu ilianguka ikamwagika yote, hakuiokota.

Ni lazima ujue mama alikuwa anaona nini. Kaka zetu wakubwa wawili walikwenda na bunduki, hawakurudi. Na kila mtu pale kambini alikwisha kuona, kwa macho yake, vijana waliochuchumaa karibu na mzinga, mmoja anachungulia, mmoja anataja namba, mmoja anakimbia. Kisha kijiji kinawaka.

Jioni hiyo khal wetu, yaani kaka yake mama, jina lake Soro, alikusanya watu mbele ya nyumba yetu. Yeye alikuwa na redio, kwa hiyo alikuwa na habari. Alisimama akaunganisha masomo yetu yote kama mtu anayesuka kamba.

“Hesabu ni ya kulenga, mmeona wenyewe. Hilo la serikali ni la kulainisha roho, ili mtoto akiitwa akubali. Na la jamii? Amewauliza watoto kila nyumba iko na wavulana wangapi. Ya nini? Na betri zangu je? Mwalimu gani anakula betri?”

Kweli mwalimu alituuliza. Alitaka tuchore mistari mirefu na mifupi ubaoni, tulinganishe nyumba na nyumba. Lakini sema hivyo mbele ya mama aliyezika wanawe bila kuona maiti.

Kesho yake mwalimu Taban alikuja na tete lake ajitetee. Alipima tangi mbele ya watu, akataja urefu, akamwomba kijana apande na kamba ahakikishe. Kamba ikakubaliana naye kabisa. Akatabasamu, maskini, akidhani yamekwisha.

“Mmeona?” akasema khal Soro. “Hakosei! Huyo akilenga choo chako, khalas, umekwisha.”

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Usiku haukuingia kabla mama hajatuita. Alishika uso wa Wani kwa mikono miwili. “Mwanangu, mtihani wa kanisa utaandika. Ukikataa watakushuku. Lakini hesabu usipate. Hata moja. Wakiona hujui, watakuacha, hawatakupeleka kwenye mzinga.” Wani akasema, “Ndiyo, Mama.” Mimi nikauliza, je, mimi? Mama akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jerikeni ianguke. “Wewe Mungu alikwisha kukulinda.”

Mtihani tuliufanya kwenye uwanja wa kanisa, tumekaa chini, na msimamizi aliyetoka mjini akisinzia kwenye kiti. Wani alikuwa mbele yangu, upande wa kushoto. Nilimwona akijaza karatasi yake upuuzi, bila kusita, mtoto mtiifu. Kisha mguu wake ukanyooka pembeni. Kidole gumba kikaanza kuandika kwenye vumbi. Namba ya swali, jibu. Anangoja kidogo, anafuta kwa kisigino, anaandika lingine. Alishindwa tu kuliacha swali likiwa wazi? Au alikuwa ananipa? Sijui. Nilinakili yote.

Matokeo yalipokuja, nafasi ilikuwa yangu. Khal Soro hakutikisika: “Si niliwaambia? Pitia kupata hesabu! Mtihani wenyewe ni wa uongo!” Mama aliniruhusu niende kwa sababu mjini ni mbali na Taban. Naye Taban alisoma karatasi yangu, akasoma ya Wani, akatukazia macho sote wawili. “Basi,” alisema. Hakuna aliyempeleka mtoto kwake muhula uliofuata, naye akaondoka na boksi lake la sabuni. Viatu vya Wani nilivaa mimi. Huko mjini nilidumu kidogo tu, lakini shule ilikuwa kando ya kituo cha malori, na yote niliyo nayo yalianzia kituoni pale.

Leo Wani ana kibanda cha kuchaji simu mtaa wa Juba Na Bari. Kila asubuhi hunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Taa za barabarani, anasema, zinahesabu wapita njia. Bei ya unga hupangwa kufuata mwezi. Khal Soro alikuwa na redio moja na mdomo. Wani ana simu na akili ile ile, na kila anachokisema kinaungana vizuri mno, hakuna pa kuingiza kisu. Wiki hii binti yangu Keji alichaguliwa kwenda Kampala kusoma uhandisi. Sauti ikafika: “Ya Pitia, usimwachie aende. Wanaojua hesabu bado wanakusanywa. Nimepiga hesabu yote.” Keji alicheka. “Baba, baba mkubwa amechanganyikiwa.” Nikamkaripia hadi akalia, naye hajui kosa lake.

Nikaenda kibandani. Nilikuwa nimejiandaa: nimwambie Wani kwamba Keji anakwenda, na kwamba harusi ijayo maikrofoni nitampa yeye Wani. Nilianza na la kwanza.

“Anakwenda, Wani. Lile jambo la mizinga lilikuwa uongo. Wewe ulishika tete lile mwenyewe. Unajua.”

Alichomoa simu ya mteja, akapangusa kioo chake taratibu.

“Nikisema ni uongo, ndugu yangu,” akasema, “basi mimi nilifeli kwa ajili ya nini?”

La pili halikutoka. Akaanza kunieleza jambo la taa, kwa upole, kama alivyonieleza kugawanya zamani mkekani, na huku anaeleza kidole chake cha mguu kilitoka kwenye ndara kikachora vumbini pembetatu, safi, iliyonyooka. Kiatu changu cha ngozi kilikuwa karibu kuikanyaga. Nikakivuta nyuma, nikaendelea kusikiliza.