Miba ya Mdimu na Sahani za Babu

Nikivunja kijiti cha mdimu, hata leo, ile harufu kali ya jani lake hunirudisha mbio hadi Faza, chumbani kwa Bibi, na moyo wangu huanza kushuku watu. Sitanii. Juzi mjukuu wangu aliniletea majani ya mdimu nitie kwenye chai, nikamtazama kwa jicho baya mpaka akaniuliza amenikosea nini. Hajanikosea kitu, maskini. Kosa ni la mwaka ule alipofariki Babu, mimi nikiwa na miaka minane au tisa, katika hiyo miaka ya hamsini. Nawaeleza nyinyi, kwa kuwa yeye hakuwa na subira ya kunisikiliza.

Babu yangu Athmani alikuwa mtu wa santuri. Ilikuwa mashine ya kutia ufunguo, sanduku la mbao lenye kichwa cha chuma kinachobeba sindano, na toka Faza mpaka Siyu hakuna harusi iliyostahili kuitwa harusi kama santuri hiyo haikufika juu ya punda wake. Sahani za nyimbo alikuwa nazo elfu. Basi, elfu ni nyingi, lakini zilijaza vidaka vyote vya ukutani, mahali ambapo wanawake wengine hupanga sahani zao za kaure. Za kaure za Bibi zilihamia mvunguni. Zile za nyimbo, za zamani, zilikuwa na kasoro. Sindano ikifika mahali fulani hukwama, mwimbaji akabaki kurudia neno moja kama mtoto wa chuo aliyesahau aya. Hapo Babu huinuka kitini, taratibu, akaisukuma sindano kwa kidole cha mwisho na kuiambia, "Haya pita, mama. Ndia nyeupe." Kisha, njia ikishakuwa wazi, huketi. Sikumwona akikasirika hata mara moja, na Bibi, aliyekuwa akisuka ukili wake pale chini, hakuinua hata kichwa.

Babu alipofariki, Bibi Mwanakombo aliingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani, bila manukato, bila nguo ya kung'aa, na kwa desturi ya nyumba yetu bila wimbo wowote. Mamangu akanipeleka nikae naye, nimtumikie. Mwenye amri pale alikuwa ami Shee, ndugu mdogo wa babangu, mwalimu wa chuo, mwenye sauti ya kuweza kuamsha Kizingitini nzima bila yeye kutoka Faza. Sauti hiyo aliirithi kwa babake, ila Babu aliitumia zaidi kuchekea.

Ami hakuzitaka zile sahani. Alisema marehemu aombewe dua, asifuatwe na nyimbo. Bwana Kombo, mwenye mkahawa kule Kizingitini, alikuwa amekubali kuzichukua zote, na angekuja Ijumaa baada ya sala. Bibi aliomba kutwa nzima, mpaka ami akalegea, akakubali zibaki tano za ukumbusho.

"Lakini mama," akasema, "uchague kimya. Nikijua santuri imeimba ndani ya eda, hata moja haibaki."

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Mende wa Faza, ambao enzi hizo walikuwa wakubwa kiasi cha kutishia paka, walikuwa wamezila karatasi za katikati ya sahani, zile zenye majina, kwa kupenda gundi. Sahani zote zilibaki nyeusi tupu, hii sawa na ile. Babu alizijua kwa kupapasa tu. Bibi hakuzijua, na kuzisikiliza ndiko alikokatazwa. Angechagua zipi?

Jumatatu adhuhuri akaniita. "Mwanangu, ndoo hapa. Nikatie miba ya mdimu, ile mirefu mikavu." Nikamletea. Akaniambia nikakae nje ya mlango, nimwarifu ami akitokea. Mlango ukafungwa. Jumanne yakawa yale yale, na Jumatano vile vile.

Mimi chuoni nilikuwa nimejifunza mambo mawili: herufi zangu, na kwamba mwiba ukichomwa kwenye kisanamu cha mtu, mwenyewe huumwa pale pale. La pili nilifundishwa na wasichana wenzangu nyuma ya kisima, na nililishika vizuri zaidi kuliko la kwanza. Na Jumanne jioni, wenzangu, shavu la ami Shee lilivimba. Jino. Kufikia Jumatano lilikuwa kama dafu, limefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, na ile sauti yake haikuweza kuamsha hata kuku. Nikapata yakini. Bibi yangu, aliyezoea kunipulizia vidonda mpaka nikalala, alikuwa akimmaliza mwanawe kwa ajili ya nyimbo.

Nikaanza uchunguzi. Nilinusa vidole vyake aliponisuka nywele. Nilitafuta kisanamu ndani ya mto, nyuma ya mtungi, hata kati ya sahani za kaure mvunguni. Miba niliyompa ikiwa na ncha kali ilirudi kutupwa ikiwa imesagika. Imesagikia wapi, kama si mwilini mwa ami? Hata uji wake nikaushuku. Nikawa nasubiri aunywe yeye kwanza, naye akadhani nimepata adabu.

Alhamisi nilitega sikio mlangoni. Ndani mlikuwa na mkwaruzo mwembamba, kama mende anayekuna karatasi. Nikasukuma ubao kidogo. Bibi alikuwa amepiga magoti mbele ya santuri. Kile kichwa cha chuma kilikuwa kimegeuzwa kando, hakina sindano. Sahani ilikuwa ikizunguka, naye ameinama juu yake, mwiba kaubana kwa meno, ncha inagusa sahani, macho kayafumba. Nikajua kisanamu hakihitajiki tena. Haya ni ya majini wenyewe.

Bibi akaniona, akatoa mwiba mdomoni, wala hakunigombeza. Alinivuta, akanitia mwiba mwingine kati ya meno, akaniinamisha kisogo polepole mpaka ncha ikagusa. Basi mwanamume mzima akaanza kuimba ndani ya fuvu langu. Ngoma ikalia kwenye magego. Nikainua kichwa: kimya. Nikainama: akaendelea pale alipofika.

"Bibi, na eda?" nikamuuliza.

"Masikio yangu yamo ndani ya eda," akanijibu. "Meno hayakuwekwa eda."

Kando yake palikuwa na sahani nne alizokwisha kuzitenga. Akaweka hii ya tano juu yazo, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ami Shee alikuwa ametoka chuoni mapema kwa jino, na mimi mlinzi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya santuri, inayozunguka bado. Akaitazama mashine. Akamtazama mamake. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe. Santuri imeimba?"

Zile sahani tano zilikuwa juu ya ulimi wangu. "Masikio yangu hayakusikia kitu, ami."

Alikipapasa kile kichwa cha chuma kisicho na sindano, akaguna. "Na hii miba?"

"Ya meno," akasema Bibi.

Ami alijishika shavu. Mwisho akauomba mmoja.

Ijumaa Bwana Kombo alikuja na punda wawili. Alizigonga sahani zote kwa ukucha, na alipozifikia tano za Bibi akacheka, maana zilikuwa na mikwaruzo ya kupandia mtama. Zilizokuwa nzima zote alikuwa ameachiwa yeye. Akaondoka upesi, asije mjane akarudiwa na akili. Ami naye alishuku zaidi. Alizigeuza mwangani, akazinusa, akitafuta kilichofichwa. Hata mimi nilishuku kwamba meno yamemdanganya Bibi.

Eda ilipokwisha alioga, akajifukiza udi, akaniambia nitie ufunguo. Sahani iliimba vizuri, ikafika mahali, ikakwama. Nikainuka niisukume sindano, Bibi akanikamata kanga. "Keti." Neno lile la wimbo likarudiwa mara kumi, mara mia, na Bibi akikitazama kiti cha Babu.

Ndipo nje, barazani, ami Shee, ambaye jino lake lilikuwa limepona na sauti imerudi yote, akasema taratibu, "Haya pita, mama. Ndia nyeupe."

Nadhani lilimtoka tu. Mimi, kwa shaka zangu, niliruka kuufunga mlango kabla hajaingia kuzichukua sahani.

"Uwate wazi," akasema Bibi. Nikauacha, lakini nilizikalia zile nne zilizobaki.

Nilipokuja kujua kusoma, ukubwani, kwa madarasa ya usiku, kitu cha kwanza nilichokimbilia ni zile sahani tano, nikitumaini pamebaki herufi hata moja. Nikakuta mende walishazisoma kabla yangu. Majina ya nyimbo zile siyajui hadi leo. Zote tano hukwama. Kwa nini Bibi alizitafuta hizo kwa meno yake, nililielewa nikiwa ndani ya eda yangu mwenyewe, mchana mmoja nilipojikuta nimekaa nikiusubiri mlango wa uani ulie, ule ambao marehemu mume wangu aliahidi kila Ijumaa kuutia mafuta. Mjukuu wangu aliusikia ukilia, akaja na chupa ya mafuta mkononi.

Nikamwambia auwate.