Mjerumani Aliyenifundisha Kusema Kiswahili Changu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hata leo nikiikumbuka, masikio yangu hupata moto. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa Tanga niliyekuja Sydney kusoma, na siku ambazo sikuwa darasani niliwahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee pale Westmead. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti nikimvalisha soksi Mzee Lothar, huku nikijisifu.

Mzee Lothar alikuwa Mjerumani, mwigizaji mstaafu, aliyeletwa huku na bintiye baada ya kufiwa na mkewe. Usidhani alikuwa nyota. Alikuwa mfupi, pua imepinda, na tangu ujanani hakuna aliyempa nafasi ya kumwoa msichana mwishoni mwa filamu. Yeye alikuwa bawabu, tarishi, daktari anayeleta habari mbaya, mwizi anayekamatwa mapema. Kazi yake ya pili ilikuwa kutia sauti: filamu za nje zikifika Ujerumani, alisimama studioni akisema Kijerumani kwa kufuata midomo ya watu wengine. Kulikuwa na mwigizaji mmoja maarufu wa kigeni ambaye Wajerumani walimsikia kwa koo la Mzee Lothar zaidi ya miaka thelathini. Watu walilizwa na sauti ile, wakachekeshwa nayo, na mwenyewe akipita barabarani hakuna aliyegeuka kumtazama.

Na mimi nilijisifia nini? Kikundi cha Waafrika wenzetu kule Fairfield kilikuwa kinatia sauti za Kiswahili kwenye filamu ya katuni. Walitaka watoto wetu wa huku, wale ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, wapate kitu cha kuwavuta. Msimamizi alikuwa Wambui, dada wa Kikenya, nesi kwa kazi yake, mwenye moyo wa chuma. Nilikwenda kwake nikitaka kuwa malkia. Akanipa sehemu ya bibi kizee anayekaa njiani, mwenye sentensi kumi na moja tu. Nikazisoma kama mtu anayesoma majina ya vituo vya treni. Aliponiomba nirudie, nikaiweka karatasi mezani nikaondoka.

"Nimewaachia bibi yao," nilimwambia Mzee Lothar nikicheka. "Sauti yangu si ya vikongwe."

Mzee hakucheka. Aliuvuta mguu wake.

"Hizi soksi," akasema, "ukishanivalisha viatu, nani ataziona?"

"Hakuna, Mzee."

"Mbona umenyoosha kila mkunjo?"

"Mkunjo ukibaki utakuchubua."

"Kumbe kazi unaijua," akasema. "Haya niambie. Huyo bibi kizee anataka nini?"

Sikujua. Hata sikuwa nimejiuliza.

"Mimi nilipewa bawabu mwenye maneno matatu," akaendelea, na sauti ile nzito ikakijaza chumba. "Nikaenda kukaa na bawabu wa kweli siku tano, mpaka nikajua anafungua lango kwa mkono gani na kwa nini. Wewe una sentensi kumi na moja na hujui hata mwenye nazo anataka nini. Umewadharau watoto watakaokuja kumsikiliza."

Mwanangu, wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nilimaliza kumvalisha viatu bila kuinua uso.

Jioni ile nilimpigia Wambui kumwomba radhi. Akasema, "Mwanaidi, nimempa mwingine lakini naye ameshindwa. Tunarekodi Jumamosi. Ukija na maringo yako, usivue hata koti, rudi tu na treni." Nilikuwa na siku nne.

Siku hizo nne, kila nilipomtembeza Mzee Lothar bustanini, nilikuwa mwanafunzi wake. Kiswahili hakujua hata neno, na hapo ndipo palipokuwa na maajabu. Nilisema sentensi yangu, naye akafumba macho akasikiliza. "Sikuamini," akasema. Nikarudia. "Sasa unaniigizia uzee. Acha kutetemesha sauti. Mzee hatamani kuonekana mzee, mimi nakwambia!" Nikarudia mara ishirini, wauguzi wakipita wanacheka. Alinifundisha kuvuta pumzi pale mchoraji alipomchora bibi akiivuta, na kutazama midomo kabla ya maneno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa.

Siku ya tatu nikajua bibi yule anataka nini. Alitaka mpita njia akae naye. Nikamkumbuka jirani yetu wa Chumbageni kule Tanga, Bi Kidawa, aliyekuwa akimgombeza kila apitaye mlangoni kwake ili tu asimame. Nikasema, "We mtoto, unapita kwangu kama moshi, kwani mimi sina salamu?" Mzee Lothar akafumbua macho. Akanishika mkono.

"Huyo," akasema. "Huyo sasa namjua."

Jumamosi Wambui hakuniomba nirudie hata moja.

Filamu ilipokamilika, ikaonyeshwa katika ukumbi mmoja Fairfield, mchana wa Jumapili, watu wametoka kanisani, wengine na kanzu zao, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, watoto hawana idadi. Mzee Lothar aliletwa na bintiye akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Bibi wangu alipotokea na kumfokea msichana wa katuni, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Alipotokea tena, watoto wakamtangulia: "We mtoto, unapita kwangu kama moshi!" Kwa Kiswahili, mwanangu! Mama mmoja wa Kikongo aliyekaa mbele yangu alijiziba mdomo, maana binti yake wa miaka saba hakuwa amemsemesha kwa lugha hiyo hata siku moja, na sasa alikuwa amesimama juu ya kiti anapaza sauti. Watoto wakatoka hivyo hivyo mpaka stesheni, wanasalimiana kwa maneno ya bibi kizee.

Wambui aliniita jukwaani. Watu wakasimama. Nami nikashuka nikamsukuma Mzee Lothar mpaka jukwaani, nikawaambia huyu ndiye mwalimu wangu. Ukumbi ukampigia makofi na vigelegele, vigelegele ambavyo hakuwahi kuvisikia maishani. Akashika mikono ya kiti, akainuka kwa miguu yake mwenyewe, akainama kama mwigizaji. Bintiye akaniambia huku akilia kwamba katika maisha yake yote baba yake alipigiwa makofi akiwa na uso wa mtu mwingine. Siku ile walimpigia yeye.

Tangu hapo sijaacha kazi ya sauti. Nimekuwa malkia, naam, mara mbili. Lakini mpaka leo nikiagiza samaki dukani St Marys, watu huniuliza kama si mimi yule bibi wa njiani.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukipewa sehemu ndogo, usiulize nani atakuona. Uliza nani anakungoja. Kazi uliyopewa ifanye mpaka mwenyewe uiamini, maana kizuri chajiuza. Ukikosea, rudi ukaombe radhi mapema, kabla aibu haijageuka kiburi. Na mwalimu usimchague kwa rangi wala kwa lugha.

Mola akupe pumzi ndefu na ulimi wa kweli, akupe mtu wa kukukosoa kwa upendo, na akujalie siku ya kushangiliwa kwa jina lako ukiwa bado una masikio ya kusikia. Amina.