Siku Niliyomwangusha Baba kwa Ajili ya Usukani

Nilirudi Goma na diploma ya ufundi kutoka Kampala. Niliilipia mwenyewe kwa kuosha sahani na kubeba saruji, na hakuna mtu wa ukoo wangu aliyenipa hata nauli. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Nyumbani Katoyi nilimkuta baba kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kushoto umelegea mapajani. Watu wenye silaha walimsimamisha karibu na Kibati, wakachukua makaa aliyokuwa akibeba kwa baiskeli kwenda kuuza, na mmoja akamvunja mtulinga, mfupa wa begani, kwa kitako cha bunduki. Mfupa uliunga vibaya. Baiskeli walimwachia kwa kuwa ilikuwa kuukuu.

Kilichomuuma kuliko bega ni kulishwa na mama kwa kijiko, kama mtoto. Alitaka kurudi barabarani. Lakini usukani wake ulikuwa chini sana, kama wabeba makaa wote wanavyoupenda. Kila alipojaribu kuendesha, uzito uliangukia bega bovu, vidole vikafa ganzi, akaanguka kwenye mawe ya volkano.

Nikampima kama fundi aliyesoma. Nililegeza bolti ya shingo ya usukani, nikaigonga ili kabari ya ndani iachie, nikapandisha usukani hadi usawa wa tandiko na kuusogeza nyuma kidogo ili viwiko vikunjike. Mstari uliochongwa kwenye shingo niliuacha ndani ya bomba. Mstari huo ukionekana, shingo haina mshiko, na siku moja itachomoka.

Asubuhi tulikwenda kwenye kituo cha wabeba makaa. Mmoja wao, mwenye mabega kama mlango wa gereji, akaangua kicheko.

"Muzee, unaenda kutafuta makaa ao unaenda ku ndoa?"

"Ni mutoto wangu alitengeneza," baba akajibu.

"Ah, Bwana Diploma! Kule Kampala wanapanda kinga kama masista?" akauliza yule wa mabega, akiigusa baiskeli kwa mguu.

Nikavuka barabara kununua maji. Niliporudi, baba alikuwa ameshapanda, watu wanapiga makofi, na usukani umefika karibu na kidevu chake. Lile jitu lilikuwa na ufunguo wangu wa bolti mkononi.

"Nimemuongezea," likasema. "Aone volkano muzuri."

Mstari ulikuwa nje wote. Mbele ya baba kulikuwa na mteremko, na malori yalikuwa yakipanda.

"Papa, shuka! Shuka!"

Honi zilimeza sauti yangu. Baiskeli ikaanza kuteremka. Nikakimbia, nikamrukia ubavuni, upande wa bega zima, tukaanguka pamoja kwenye changarawe. Mdomo wake ukapasuka.

Wakanivamia. Mtoto anayempiga baba yake hadharani hapa kwetu anaweza kuuawa. Teke la kwanza lilinipata mbavuni, jiwe likanichana paji la uso. Mtu alikuwa akiniita mbwa. Nilitambaa hadi kwenye baiskeli, nikashika usukani, nikauvuta mara moja. Ukachomoka wote. Nikauinua juu, damu ikinijaa machoni, na mateke yakakoma.

Kisha nikalipiga lile jitu nao kwenye taya. Likakaa chini. Sijutii.

Baba alitema damu, akautazama usukani mkononi mwangu.

"Ungeniita tu."

"Niliita, papa."

"Basi diploma yako iko na mikono muzito." Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Baba hakucheka. "Rudisha vile ulipima. Na mutu asiguse tena."

Niliurudisha, mstari ndani, bolti nikaikaza kwa uzito wangu wote. Akapanda, mgongo wima, viwiko vimekunjika, akashika njia ya Kibati bila kugeuka.

Alirudi jua likizama, gunia la makaa nyuma yake. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaninyooshea mkono wa kushoto, akaukunja na kuukunjua, vidole vyote vikitii. Halafu kwa mkono huohuo akanizaba kofi lililonitoa machozi.

"Hiyo ni ya kuniangusha mbele ya watu," akasema. Kisha akaingia ndani, akakatalia mbali kijiko alichopewa na mama, akajipakulia mwenyewe.