Sumaku Kifuani kwa Shangazi

Nilirudi Ifakara na shahada ya kemia na tabia ya kuhoji kila kitu, isipokuwa mambo niliyoyasema mwenyewe.

Shangazi yangu, mkulima wa mpunga Kiberege, alikuwa amekutwa na saratani ya titi. Alipangiwa tarehe ya kuanza dripu za dawa Dar es Salaam, lakini aliogopa kutapika na kunyonyoka nywele. Familia ikanituma mimi, msomi, nikamtoe hofu.

Chuoni niliandika juu ya vifuko vya polima, vidogo kuliko seli ya damu, vyenye dawa na chembe za chuma ndani. Basi nikaomba unga wa chuma kwa fundi wa kuchomelea, nikautia kwenye chupa ya mafuta ya kula, nikapitisha sumaku ya spika mbovu ubavuni. Ule weusi ukaifuata sumaku kama vifaranga.

"Umeona, shangazi? Sumaku inaivuta dawa mpaka kwenye uvimbe. Kwingine haisumbui sana. Na kwenye picha daktari anaona ilipofika."

"Nywele?"

"Zinabaki," nilisema, kwa raha ya mtu aliyeeleweka.

Akaniomba ile sumaku. Nikampa, nikidhani amependa sayansi.

Wiki mbili baadaye nilimkuta uani anaanika mpunga, sumaku ameifunga kifuani kwa kitenge. Tarehe ya hospitali ilikuwa imepita.

"Naizoesha njia," alisema. "Nasubiri dawa yako. Hiyo ya kunyonyoa nywele wawekewe wasio na msomi kwao."

Nilikaa juu ya mpunga wenyewe.

"Shangazi, dawa hiyo hospitalini bado haipo. Iko maabara."

"Umemponya nani nayo?"

"Hakuna."

"Hata panya?"

"Hata panya. Nilisoma tu kazi za wengine, nikaandika."

"Na wewe ndiye uliyemsimamisha mchungaji mlangoni mwa kanisa kumwuliza ushahidi wa mahubiri yake! Toka kwenye mpunga wangu." Akaifungua sumaku, akanitupia. "Kesho tunaondoka. Utabeba ndoo ya kutapikia. Na daktari akiongea, unyamaze."

Nilibeba ndoo. Daktari alisema tumechelewa, ila bado dawa zinaweza kuanza siku ileile. Kisha akauliza kama ndugu wa mgonjwa ana swali.

Nilikuwa nayo saba. Shangazi akageuza shingo, akanitazama.

"Hatuna, daktari," nikasema.